Kutoka Kyela hadi Kitulo: hali ya hewa kwa mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini

Basi linalotoka Kyela mchana huwa na madirisha wazi. Likifika Isyonje, abiria wameshayafunga na wenye masweta wameyavaa. Jua ni lilelile na siku ni ileile, ila basi limepanda. Kyela ipo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini takriban 1,700, na uwanda wa Kitulo umepita 2,500. Mwanafunzi wa huku akishika jambo hilo moja la mwinuko, istilahi nyingi za hali ya hewa zinazomsumbua darasani zitamfungukia, kwa sababu karibu zote anaziona kwa macho kati ya ziwa na mlima.

Tuanze na kanuni yenyewe. Kwa wastani joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kati ya Kyela na Mbeya kuna mita 1,200 hivi, kwa hiyo tofauti inayotarajiwa ni nyuzi 7 au 8. Wanafunzi wengi huuliza: mlimani si ndiko karibu na jua? Jua halipashi hewa moto moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Linapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayopasha hewa iliyoigusa. Hewa hiyo ikipanda, inakuta mgandamizo mdogo, inatanuka, na kutanuka kunaipoza. Hewa kavu inayopanda hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Ikiwa na mawingu ndani yake hupoa polepole zaidi, kama nyuzi 5 katika joto la huku kwetu, kwa sababu mvuke unapogeuka matone hutoa joto. Tofauti ya hizo mbili, 10 na 5, ishikeni vizuri. Nitairudia.

Mgandamizo wa hewa nao unafuata mwinuko. Usawa wa bahari ni takriban hektopaskali 1,013. Mbeya mjini ni karibu 825. Mwanafunzi akitazama barometa ya shule ikaonyesha 825, wakati taarifa ya simu inaonyesha 1,015, asidhani barometa imeharibika. Taarifa nyingi hutoa mgandamizo uliokwisha kurekebishwa uwe kama umepimwa usawa wa bahari, ili Mbeya iweze kulinganishwa na Mtwara. Na kwa kuwa mgandamizo ni mdogo, maji Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva, na ndiyo maana ukihakiki themometa ya maabara kwa maji yanayochemka ukapata 94, themometa hiyo ni nzima. Kipimo cha kuaminika popote ni barafu iliyopondwa ndani ya maji kidogo: hapo lazima isome 0, uwe Kyela au Makete.

Mvuke, umande na ukungu

Kwa kila joto kuna kiasi cha juu cha mvuke ambacho hewa inaweza kuwa nacho kabla haujaanza kugeuka matone. Kwenye nyuzi 20, mita moja ya ujazo hubeba gramu 17 hivi. Kwenye nyuzi 10, gramu 9 na kitu. Sasa chukua mchana wa Juni hapo Iringa: joto nyuzi 20, mvuke gramu 9 na kitu. Hewa ina zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wake, yaani unyevu linganifu ni karibu asilimia 54. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 10, mvuke ni uleule, hakuna tone lililoongezwa, lakini unyevu linganifu umefika asilimia 100 na nyasi zinaanza kulowa. Joto hilo ambalo hewa hushiba huitwa kiwango cha umande. Kosa la kawaida ni kusema umande "umedondoka" kama mvua. Haudondoki kutoka popote. Unajitengeneza papo hapo juu ya jani, kwa kuwa jani limepoa kuliko hewa. Hewa yenyewe ikipoa kufikia kiwango hicho, matone huelea na tunayaita ukungu. Na ukungu wa Mufindi, unaotokana na hewa inayopanda mteremko kutoka upande wa mashariki, ni wingu la kawaida kabisa, ila linagusa ardhi.

Unyevu linganifu shuleni hupimwa kwa themometa mbili zilizo sawa, moja kavu na nyingine imefungwa kitambaa cha pamba chenye maji. Maji yakivukiza kwenye kitambaa hupoza themometa ile. Hewa ikiwa kavu, huvukiza haraka na tofauti inakuwa kubwa. Kavu ikisoma 20 na mbichi 15, unyevu ni karibu asilimia 60. Zikisoma sawa, hewa imeshiba, au kitambaa kimekauka. Hilo la pili ndilo hutokea mara nyingi, hasa Septemba na Oktoba ambapo Iringa ina vumbi na hewa kavu, na kikombe cha maji kinacholowesha kitambaa hukauka usiku mmoja. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi au maji yaliyotoneshwa. Maji ya bomba huacha chumvi kwenye kitambaa, uvukizaji unapungua, na daftari litaonyesha unyevu mwingi kuliko uliopo. Badilisha kitambaa kila wiki msimu wa vumbi. Jedwali la kutafutia asilimia nalo litazamwe kichwani limeandikwa kwa mgandamizo gani. La usawa wa bahari likitumika Mbeya hukosea kidogo hewa ikiwa nyevu, lakini hewa ikiwa kavu kosa hufika asilimia 4, na daima upande wa kuonyesha ukavu kuliko uliopo.

Kuna hesabu moja ambayo wanafunzi huipenda sana wakiijaribu. Toa kiwango cha umande kwenye joto la hewa, zidisha kwa 125, unapata makadirio ya kitako cha wingu kwa mita kutoka pale uliposimama. Mbeya mchana joto ni 24 na kiwango cha umande 16: tofauti 8, mara 125, mita 1,000. Ongeza mita 1,700 za mji wenyewe, unapata 2,700. Kilele cha Mbeya kiko karibu mita 2,800, kwa hiyo kitafunikwa. Toka nje utazame. Hesabu hii inafaa kwa mawingu ya mafungu yanayojengeka mchana kwa joto la ardhi. Haifai kwa mawingu ya tabaka yaliyotanda tangu asubuhi.

Kwa nini Tukuyu inalowa na Usangu inakauka

Hapa ndipo zile 10 na 5 zinaporudi. Chukua hewa inayotoka Ziwa Nyasa ikisukumwa na upepo wa kusi kuelekea milima ya Rungwe na Kipengere. Tuiweke Kyela, mita 500, joto 28, kiwango cha umande 22. Tofauti ni 6, kwa hiyo wingu litaanza mita 750 juu yake, yaani kwenye mwinuko wa 1,250. Hadi hapo imepoa nyuzi 7 na nusu, ipo 20.5. Kuanzia hapo inapanda ikiwa wingu, ikipoa nyuzi 5 tu kwa kila mita 1,000, na inanyesha njiani. Tukuyu ipo juu ya mita 1,500, ndani kabisa ya ukanda huo, na hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa ikifika mgongo wa mlima kwenye mita 2,400 ina nyuzi 15 hivi. Sasa inateremkia upande wa Usangu, mita 1,050. Maji yake mengi imeyaacha nyuma, haina wingu la kuyeyusha, kwa hiyo inapata joto kwa kiwango cha hewa kavu: mita 1,350 zinaipa nyuzi 13. Inafika chini ikiwa na nyuzi 28.

Tazama hapo. Usangu ipo juu kuliko Kyela kwa zaidi ya mita 500, na hewa imefika na joto lilelile la Kyela, ila kavu. Huo ndio ukavu wa nyuma ya mlima, ambao vitabu huuita kivuli cha mvua. Namba nimezikadiria ili hesabu ifuatike. Siku halisi hewa huchanganyikana na haipandi yote. Hata hivyo njia ya hesabu ni sahihi, na mwalimu anaweza kubadilisha namba za kuanzia na kuwaachia wanafunzi waendelee.

Mvua inayotokana na hewa kulazimishwa kupanda mlima ni aina moja. Aina nyingine ni ile ya mchana wa Desemba na Januari: asubuhi jua, saa 6 mafungu meupe, saa 9 wingu limesimama kama mnara na kichwa kimetandazika kama fuawe la mhunzi. Hilo ni kumulonimbasi, ndilo lenye radi na mvua ya mawe. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike, gawanya kwa 3, umepata kilomita. Ukipata chini ya sekunde 30, ingia ndani ya jengo, na mtu asijikinge chini ya mti.

Kipimamvua

Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 10 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 40,000. Wanafunzi wakilielewa hili, milimita haiwi tena namba ya redioni.

Kipimamvua cha kawaida kina mdomo wa kipenyo cha milimita 127, na mdomo huo huwekwa sentimita 30 juu ya ardhi yenye nyasi. Silinda ya kioo ya kupimia ndiyo huvunjika kwanza, na shule nyingi huacha kupima kuanzia siku hiyo. Hakuna haja. Eneo la mdomo huo ni sentimita za mraba 127 hivi, kwa hiyo milimita moja ya mvua ni mililita 12.7. Mimina maji kwenye silinda yoyote ya maabara, soma mililita, gawanya kwa 12.7.

Kama hakuna kipimamvua kabisa, tengeneza. Nunua faneli ya plastiki yenye ukingo mgumu, iweke juu ya chupa au dumu dogo, fukia dumu nusu ardhini lisiangushwe na upepo. Pima kipenyo cha ndani cha faneli. Ikiwa ni sentimita 12, nusu yake ni 6. 6 mara 6 mara 3.14 ni 113, kwa hiyo milimita moja ya mvua ni mililita 11.3. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa linatosha kupimia. Ukivuta jumla ya mililita 158, mvua ilikuwa milimita 14. Kipenyo kipimwe kwa uangalifu, mara mbili kwa pande tofauti: ukikiandika 11.5 wakati ni 12, kila mvua ya mwaka mzima itazidishwa kwa karibu asilimia 9, na hakuna atakayegundua. Sishauri ile chupa ya maji iliyokatwa na kugeuzwa kichwa, inayopimwa kwa rula ubavuni. Chupa hizo zina mikunjo na kitako kilichobonyea, na rula haisemi kweli.

Mahali pa kukiweka ndipo shule nyingi hukosea. Kila kizuizi kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake. Mkaratusi wa mita 12 unataka mita 24. Usikiweke juu ya bati wala ukutani, kwa sababu upepo hupinda kwenye ukingo na kubeba matone kupita juu ya mdomo. Makambako, ambako upepo ni mkali, kosa hili linaweza kukupotezea sehemu kubwa ya mvua nyepesi. Chini sana nako matone huruka kutoka ardhini na kuingia. Ndiyo maana ya zile sentimita 30 na nyasi.

Kisanduku cha themometa

Kisanduku cheupe chenye mbao za kupishana hufanya themometa ipime hewa badala ya jua. Themometa ikae kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi. Kuhusu mlango, vitabu vya Ulaya husema uelekee kaskazini, na vya kusini mwa dunia husema uelekee kusini, ili jua lisiipige themometa unapofungua. Huku kwetu vyote viwili hukosea sehemu ya mwaka. Mbeya ipo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili: katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Kati ya tarehe hizo jua la mchana liko kusini yetu; miezi mingine liko kaskazini. Suluhisho ni milango miwili, wa kaskazini utumike Oktoba hadi Februari, wa kusini miezi iliyobaki. Fundi seremala hataona ugumu.

Themometa inayopatikana zaidi shuleni ni ile ya umbo la U yenye vijiti viwili vya chuma, inayoonyesha joto la juu na la chini kabisa la siku. Kijiti kinasukumwa na zebaki na kubaki pale ilipofika. Soma ncha ya chini ya kijiti, ile iliyoguswa na zebaki. Anayesoma ncha ya juu hukosea nyuzi kadhaa kila siku. Mkono wa kushoto, wa joto la chini, vipimo vyake vimegeuzwa, namba kubwa ziko chini. Macho yawe sambamba na ncha, na soma haraka, kwani pumzi yako inapasha themometa. Ukimaliza, rudisha vijiti kwenye zebaki kwa sumaku. Ukisahau, kesho utaandika joto la jana.

Ukisoma saa 3 asubuhi, joto la chini ni la alfajiri hii, lakini joto la juu ni la jana mchana, na mvua nayo kwa sehemu kubwa ni ya jana na usiku. Andikeni kanuni yenu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, namba ipi inaandikwa tarehe ipi, na kila zamu iifuate.

Kipupwe na jalidi

Juni hadi Agosti mgandamizo mkubwa wa kusini mwa Bahari ya Hindi huimarika na kusukuma hewa baridi na kavu kiasi huku kwetu. Makete, Njombe na sehemu za Mufindi hupata jalidi, yaani ule weupe wa barafu juu ya nyasi na majani asubuhi. Wakulima husema baridi imeunguza viazi, na kwa kweli majani huwa meusi kama yamepitiwa na moto, maana maji yaliyoganda huharibu chembe hai za jani.

Swali linalowachanganya wanafunzi ni hili: themometa ya kisandukuni ilisoma 3, jalidi imetoka wapi? Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kwenda angani na kupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Kwenye nyasi inaweza kuwa chini ya 0 wakati mita moja na nusu juu ni 3 au 4. Laza themometa ya kawaida usawa wa ncha za nyasi usiku mmoja wa Julai, uisome kabla jua halijatoka, na utaiona tofauti mwenyewe. Kisha hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka polepole kama maji na kujaa mabondeni. Ndiyo maana shamba la bondeni huungua na la katikati ya mteremko hupona, ingawa la mteremko lipo juu zaidi. Hapa kanuni ya mwinuko imegeuka kwa usiku mmoja, na ni vizuri mwanafunzi ajue kwamba hugeuka.

Dalili za jioni ni tatu: anga wazi, upepo umekufa, na kiwango cha umande kipo karibu na 0. Mawingu yakitanda, au upepo ukivuma, hofu ni ndogo. Kufunika miche kwa nyasi husaidia, na udongo wenye maji huhifadhi joto la mchana kuliko mkavu. Moshi wenyewe hausaidii sana, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno kuzuia joto linalotoka ardhini.

Msimu mmoja, na maneno ya TMA

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na Kyela na Tukuyu huendelea hadi Mei. Kaskazini na pwani ya kaskazini wana vuli na masika. Ukanda wa mvua hufuata jua: hushuka kusini kuelekea Desemba na kupanda tena kuelekea Machi na Aprili. Kaskazini hupita mara mbili na kuacha pengo katikati. Kwetu kwenda na kurudi kwake kumeungana.

TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inaposema mvua zitakuwa za wastani, ina maana kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Mahali penye wastani wa milimita 600, hiyo ni kuanzia 450 hadi 750. Mkulima na mwanafunzi wote wajue upana huo. "Mvua kubwa" ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. "Maeneo machache" inaelezea ukubwa wa eneo, haisemi mvua itakuwa ndogo. Na wastani wa muda mrefu huhesabiwa kwa miaka 30, hivi sasa 1991 hadi 2020. Hiyo ndiyo tabianchi. Kilichopo dirishani leo ni hali ya hewa.

Daftari la shule nalo lina adabu yake. Siku isiyo na mvua andika 0.0, usiache wazi, kwa sababu nafasi tupu maana yake hakupima mtu. Siku isiyopimwa weka kistari. Kama kipimamvua hakikusomwa Jumamosi na Jumapili, andika Jumatatu "jumla ya siku 3", usigawanye kwa kukisia.

Tatizo kubwa kuliko yote ni likizo. Shule hufunga Juni, jalidi inapoanza, na hufunga tena Desemba, mvua zinapokolea. Daftari nyingi hukatika miezi hiyohiyo miwili. Mkabidhini mlinzi au mwanafunzi anayekaa jirani. Mfundisheni kwa siku tano kabla ya kufunga, asome peke yake na ninyi mhakiki baadaye, na mwachieni penseli, maana wino hufutika daftari likilowa.